Sokoni Pale, Sokoni Kule, Sokoni Mle: Juu ya ‘at’, ‘in’ na Kiambishi -ni

Lengo la makala haya si kumfundisha mtu Kiingereza. Wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo. Ninataka kujadili kitu kidogo ambacho sisi wanafunzi wa fasihi tunakipita kila siku bila kukitazama, nacho ni namna tunavyosema mtu au kitu kiko wapi. Nimelazimika kuandika baada ya kuona, katika mazoezi ya tafsiri na katika miswada ya hadithi fupi inayopita mkono kwa mkono humu chuoni, kwamba kuna ugonjwa unaoenea. Kila penye ‘in the market’ ya Kiingereza tunaandika “ndani ya soko”, na kila penye ‘at the market’ tunaandika “kwenye soko”, kana kwamba lugha yetu ilikaa miaka yote hiyo ikisubiri vihusishi viwili vya Waingereza ndipo iweze kumfikisha mtu sokoni. Mama anayeuza viazi Mwanjelwa, ukimpigia simu, hakwambii kwamba yuko ndani ya soko. Yuko sokoni. Akitaka kueleza zaidi anayo njia yake, na njia hiyo ndiyo ninayotaka tuiangalie, kwa sababu nathubutu kusema kwamba mwandishi anayeipoteza anapoteza pia mahali aliposimama msimulizi wake.

Tuanze na Kiingereza chenyewe, maana ndicho kinacholetwa mbele yetu kama hakimu. Kwa maelezo mafupi, ‘at’ huchukulia mahali kama nukta, na ‘in’ huchukulia mahali kama chombo au eneo lenye mipaka. ‘She is at the market’ inatuambia kwamba mtu huyo yumo katika shughuli za soko. Huenda yuko langoni, huenda amepanga nyanya zake chini, nje ya ukuta. ‘She is in the market’ inamwingiza ndani ya mipaka. Hata hapo kuna mtego, kwa sababu ‘to be in the market for something’ ni kutaka kununua kitu, na mtu anaweza kuwa hivyo huku amejilaza kitandani kwake Uyole. Mwingereza atasema yuko ‘in Mbeya’ lakini ‘at the station’. Mgonjwa wake yuko ‘in hospital’, jirani aliyekwenda kumtazama yuko ‘at the hospital’, na Mmarekani huyo mgonjwa wake humweka ‘in the hospital’. Ukitafuta kanuni moja ya kufunga yote haya utachoka. Ni mazoea ya watu, wameyazoea na wanaelewana. Anayeyahamisha neno kwa neno hajatafsiri bado, ameazima mazoea ya nyumba ya watu.

Sasa tuje kwetu. Kiswahili kina kiambishi -ni, ambacho kwa upande wa nomino hakijali kama ni nukta au chombo, wala hakijali kama mtu anakwenda, anatoka au amekaa. Anakwenda sokoni. Anatoka sokoni. Yuko sokoni. Amefia sokoni. Kazi ya kusema “kuelekea” au “kutoka” imeachiwa kitenzi. Kitabu kiko mezani, hapo Mwingereza atasema ‘on’. Tumekaa mezani tunakula, hapo atasema ‘at’. Samaki wako baharini, hapo ‘in’. Mgeni akiona hivyo anaweza kudhani kwamba lugha hii ni maskini, inasema neno moja kwa mambo matatu. Wako hata wenzetu wanaodhani hivyo, na ndiyo maana wanakimbilia “ndani ya” na “juu ya” kila mara, eti ili waeleweke.

Lakini sentensi haikuishia kwenye nomino. Nomino ikishapata -ni inatoka katika ngeli yake na kuingia katika ngeli za mahali, na hapo inadai upatanisho wa aina tatu: pa-, ku- na m-. E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi kilichotoka London mwaka 1944, alizieleza hivi: pa- ni mahali mahususi, ku- ni mahali pasipo mahususi au eneo kwa ujumla, na m- ni undani. Waliokuja baada yake wamerekebisha hapa na pale, lakini msingi haujahama. Basi tazama:

Sokoni pana foleni ya bajaji. Msemaji ana mahali pake anapopafahamu, na ukimwuliza atanyoosha kidole.

Sokoni kuna viazi. Huko kwa ujumla, popote utakapopita, vipo.

Sokoni mna giza. Huyu ameingia. Au alikwishaingia akatoka, na giza lile analo bado machoni.

Soko ni lile lile na -ni ni ile ile. Kilichobadilika ni silabi moja mwanzoni mwa kitenzi, na msemaji amehama kutoka nje hadi ndani. Mwingereza ili afanye hivyo inabidi abadilishe kihusishi, na pengine aongeze na maneno mengine. Sisi hatubadilishi kihusishi kwa sababu hatunacho hapo. Tunabadilisha upatanisho. Na ndivyo ilivyo kwa vionyeshi, sokoni pale, sokoni kule, sokoni mle, na kwa vimilikishi pia: nyumbani pangu, nyumbani kwangu, nyumbani mwangu. Anayesema “karibu nyumbani kwangu” anakukaribisha kwake kwa jumla. Anayesema “sitaki ugomvi nyumbani mwangu” anazungumza juu ya yanayotokea baina ya kuta zake.

Kwa hiyo yule anayeandika “ndani ya soko kulikuwa na giza” amesema undani kwa maneno matatu, kisha kwa “ku” akaurudisha tena kwenye ujumla. Sisemi ni kosa la kufelisha mtihani. Nasema ni kama mtu aliyevaa makoti mawili na bado kifua kiko wazi.

Hapa sharti niseme pia mahali ambapo -ni haifiki, maana wako waliosikia kwamba -ni ndiyo Kiswahili safi wakaanza kuibandika kila kitu. Majina halisi ya mahali hayaipokei. Hakuna Mbeyani wala Iringani, na anayesema “Mwanjelwani” atachekwa kabla hajamaliza. Jina la mahali tayari ni mahali, halina haja ya kuambiwa. Watu nao hawaipokei: tunakwenda kwa mwalimu, kwa daktari, kwa mganga, hatuendi mwalimuni. Yako pia maneno ya mkopo yanayokaa bila -ni hata kidogo. Mtu yuko stendi, yuko posta, yuko baa, amepelekwa polisi. “Polisini” sijapata kuisikia. Nadhani maneno haya tumeyapokea karibu kama majina ya mahali na si kama majina ya vitu. Shule inakaa kotekote, na hapo pana jambo la kuvutia: “mtoto wangu yuko shule” aghalabu maana yake anasoma, hata kama saa hizi amelala nyumbani, ilhali “yuko shuleni” ni kwamba ukimtaka umfuate huko. Ni karibu na ile tofauti ya Mwingereza kati ya ‘in hospital’ na ‘at the hospital’, ila tumeifikia kwa njia yetu.

Tena -ni haipendi kufuatwa na kivumishi cha sifa. “Soko kubwa” ukitaka kulifanya mahali huwezi kusema “soko kubwani”, na “sokoni kubwa” inakwaruza sikio. Hapo ndipo “kwenye” na “katika” zinapopata kazi ya halali: kwenye soko kubwa, katika soko jipya la ghorofa. Nomino yenye maelezo marefu nyuma yake inahitaji kubebwa kwa mbele. Kinachokatazwa ni kubeba kwa mbele na kwa nyuma kwa wakati mmoja. “Kwenye sokoni” na “katika nyumbani” ni mizigo miwili kichwani na mgongoni kwa safari moja. Na wenye haraka na wajihadhari: si kila -ni inabadilishana na “katika”. “Mwakani” ni mwaka ujao, “katika mwaka” ni jambo lingine kabisa.

Juu ya “kwenye” nina neno la pembeni. Tunaitumia siku hizi kama kihusishi kikavu, kwenye simu, kwenye suala la ada, kwenye kuongea, hata tumesahau kwamba ni ku- pamoja na -enye, yaani “kuliko na”. Ilikuwa na ndugu zake wawili, “penye” na “mwenye”. “Penye” imebaki hai katika methali. Penye miti hapana wajenzi: angalia pa- ilivyorudiwa mara mbili, papo hapo penye miti ndipo pasipo wajenzi. Ukisema “kwenye miti hakuna wajenzi” umepunguza ukali, kwa sababu umetandaza mahali penyewe. “Mwenye” ya mahali imefifia, na dhana yangu ni kwamba imezidiwa nguvu na “mwenye” wa mtu, mwenye nyumba, mwenye mali. Hivyo kati ya ndugu watatu amebaki mmoja anayefanya kazi za wote, naye ni yule wa ujumla. Mwandishi anayeandika “kwenye” kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akijua au asijue, amechagua ujumla.

Nimesema kwamba majina ya mahali hayapokei -ni. Lakini yako mengi yaliyozaliwa nayo. Mbeya mjini kuna Mabatini na Uhindini. Unguja kuna Darajani na Forodhani. Iringa mjini kuna Miyomboni, kuna Makorongoni, na kuna Kitanzini. Katika majina haya -ni imeganda. Mtu wa Mabatini haishi tena kwenye mabati, anaishi Mabatini, na bati lenyewe pengine ni la vigae. Miyombo ya Miyomboni hakuna anayeihesabu anaponunua vocha pale. Lakini lisome jina la Kitanzini polepole. Inasimuliwa Iringa kwamba ni mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga watu, nyakati za vita vyao na Wahehe wa Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898. Waliotoa jina hilo hawakusema “mahali pa kitanzi”, wala hawakusema “kwenye kitanzi”. Walitia -ni, kama mtu asemavyo shambani au kisimani, mahali pa kwendwa na kurudiwa. Leo watu wanashuka hapo na mifuko yao ya sokoni. Sijui ushairi gani wa kubuni unaolifikia jina hilo kwa uzito, na limetungwa kwa kitanzi na silabi moja tu.

Sasa nirudi Mbeya, kwenye daladala, kwa sababu makondakta wetu wana sarufi ambayo bado haijafundishwa darasani. Konda anauliza, “Mafiati ipo?” Abiria anajibu, “Ipo!” Gari linasimama. Mwenye sarufi ya vitabuni atang’aka: Mafiati ni mahali, kwa nini “i”? Kwa nini isiwe “kupo” au “papo”? Konda hakukosea. Hakuuliza kama mahali hapo papo duniani. Anajua papo, anapita hapo mara kumi kwa siku. Ameuliza kama ndani ya gari ipo safari ya Mafiati, yaani mtu wa kushuka huko. Jina la mahali amelifanya kitu, na kwa kuwa limekuwa kitu limepata upatanisho wa kitu. Ndivyo hivyo tunaposema “Mwanjelwa imebadilika”, tukiufikiria mji na biashara zake kama kitu kimoja kinachokua, na tunaposema “Mwanjelwa kumebadilika”, tukifikiria hali ya huko. Zote ni Kiswahili. Anayeona ni mamoja ajaribu kuzibadilishana katika hadithi aone msimulizi wake anakwenda wapi.

Tofauti hii ya kitu na mahali si ya mchezo, na Mwanjelwa ndiyo inayoweza kutufundisha vizuri. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Soko la Sido, lililoko Mwanjelwa hiyo hiyo, liliungua mwaka 2011, likaungua tena mwaka 2017. Nasema “soko liliungua”, na hapo nazungumzia kitu: mbao, mabati, meza na mali ya watu. Lakini asubuhi iliyofuata watu hawakuacha kusema “naenda sokoni”. Soko halikuwepo, sokoni kulikuwepo. Wengine walikwenda kutazama majivu, wengine walikwenda kuuza kilichookolewa, na kwa wote wawili palikuwa sokoni. Ukimtafsiria Mwingereza ‘she went to the market’ atauliza, si umesema limeungua? Kwa Kiswahili swali hilo halizuki, kwa sababu -ni haikuwa imefungwa kwenye ukuta tangu mwanzo. “Ndani ya soko” imefungwa kwenye ukuta. Ukuta ukianguka, “ndani ya” inaanguka nao.

Na hapa nafika kwenye jambo lililonikera hadi nikashika kalamu. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina, aliandika hadithi fupi juu ya mama muuza dagaa aliyepoteza kibanda katika moto wa soko. Miaka imepita, mama anauza barabarani, na kutoka alipokaa analiona jengo jipya. Wateja wake wote wanasema “pale sokoni”. Yeye peke yake, kurasa zote saba, anasema “kule sokoni”. Pale na kule kwa hatua ni hapo hapo, mtoto anaweza kutumwa chumvi akarudi kabla sufuria haijachemka. Lakini kwa mama huyu ni kule. Halielezwi popote kwamba ana uchungu. Mwandishi hakutuandikia uchungu wala machozi. Ametuandikia “kule”. Halafu ukurasa wa mwisho mjukuu anamwuliza siku ya moto alikuwa wapi, na mama anajibu kwa neno ambalo hajalitumia hata mara moja tangu hadithi ianze. Anasema “mle”.

Mswada ulipitia kwa mhariri mmoja kabla ya kuchapwa. Uliporudi, kila “pale sokoni” na kila “kule sokoni” ilikuwa imesafishwa na kuwa “kwenye soko”, na “mle” ya mwisho ikawa “ndani ya soko”. Nilimwuliza mwandishi kwa nini alikubali. Akasema aliambiwa kwamba vionyeshi vinajirudia mno, na kwamba hivyo ndivyo lugha ya kisasa inavyoandikwa. Jamani! Maudhui yote yalikuwa kwenye vionyeshi hivyo. Baada ya usafi ule kilichobaki ni habari ya soko lililoungua, ambayo tunaweza kuisoma gazetini.

Uhakiki wetu unachangia kosa hili. Tukifika kwenye mandhari tunaandika kwamba hadithi inatokea mjini, au kijijini, au sokoni, kisha tunaruka kwenda kwenye wahusika. Tunajaza kisanduku. Tunauliza hadithi inatokea wapi, hatuulizi msimulizi anapasemaje hapo inapotokea. Chukueni hata majina ya vitabu tunavyovifahamu. Muhammed Said Abdulla aliita riwaya yake ya mwaka 1973 Duniani Kuna Watu. Hakuiita Duniani Mna Watu, ambayo ingeifanya dunia kuwa sanduku na sisi tumo humo, wala Duniani Pana Watu, ambayo ingetutaka tunyooshe kidole. “Kuna” inawatawanya watu hao: wako huko, usiwatarajie mahali pamoja, utakutana nao. Kwa riwaya ya upelelezi wa Bwana Msa, ambamo mtu hajui nani ni nani, silabi hiyo imefanya kazi yake kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Shaaban Robert naye, mwaka 1951, alipoiita Kusadikika nchi iliyo angani, aliachia -ni ibaki na fumbo lake. Iko kwenye anga, katikati ya anga, juu huko? Mfasiri wa Kiingereza lazima achague kihusishi, na akichagua amekwisha kutuambia jambo ambalo mwandishi alilinyamazia.

Kwa sisi tuliotoka Nyanda za Juu Kusini kuna jambo la ziada. Wengi wetu tulichapwa, au tulichekwa, kwa kuchanganya lugha za nyumbani na Kiswahili. Lakini lugha hizo zina pa, ku na mu zikiwa zimekaa mbele ya nomino yenyewe, wazi kabisa. Mnyakyusa akisema “pakaja” yuko pale nyumbani pao, na akisema “munyumba” ameingia chini ya paa. Kihehe nacho kina mpango huo huo. Kiswahili kimeondoa viambishi hivyo mbele ya nomino, kikaweka -ni moja nyuma yake kwa wote watatu, na tofauti ikabaki kwenye upatanisho peke yake. Maana yake ni nini? Ni kwamba upatanisho wa mahali katika Kiswahili ndio mahali pa mwisho tofauti hiyo ilipojificha. Tukiufuta na huo hakuna kingine. Na mwanafunzi wa Tukuyu au wa Kalenga ambaye sikio lake limezoea tofauti tatu tangu utotoni ana mali hapa. Asikubali kuambiwa kwamba ni lafudhi ya shamba. Nimeona katika mazoezi yetu kwamba wanaoandika “mle” mahali pake bila kufikiri ni hao hao waliokuwa wakichekwa.

Najua nitajibiwa nini. Mhadhiri mmoja tuliyezungumza naye jambo hili aliniambia kwamba vijana wa mjini hawatofautishi tena, kwamba “nipo” na “niko” zimekuwa kitu kimoja, na kwamba ninatetea sarufi ya mwaka 1944. Kwa “nipo” na “niko” nakubali, kwa sehemu kubwa. Ukimwuliza mtu kwa simu yuko wapi atasema “nipo njiani” au “niko njiani”, na vyovyote atakavyosema huenda bado anatafuta soksi. “Nimo” nayo haisikiki sana. Lakini lugha haichakai sawasawa kila upande. Nenda Mwanjelwa usimame Kabwe kwa nusu saa usikilize. Hutamsikia mtu akichanganya “pale” na “kule”. Atakuelekeza duka liko pale, na atakwambia simu yake iliibwa kule, na ukimwuliza kuhusu chumba alichopanga atakwambia mle hamkaliki. Hajasoma Ashton. Tena hata hiyo “ndani ya” ina maisha yake ninayoyaheshimu: mshereheshaji anapopiga kelele jukwaani kwamba leo wako ndani ya Mbeya, ameichukua kutoka kwa Waingereza na Wamarekani wa muziki, sawa, lakini ameipa sherehe yake na watu wanaitikia. Ni lugha ya jukwaa. Mama muuza dagaa hayuko jukwaani.

Kuna swali la mwisho, la wale tunaofanya somo la tafsiri. Ikiwa hadithi ile, katika umbo lake la kwanza, ingepaswa kupelekwa kwenye Kiingereza, ‘at’ na ‘in’ zingetosha? Nimejaribu. ‘At the market’ kwa wateja na ‘at the market’ kwa mama inawafanya wote waseme jambo moja. Ukimpa mama ‘in the market’ umemwingiza mapema mno, kabla ya ukurasa wa mwisho. Kinachookoa ni neno ambalo hatulitazamii, ‘there’. Wateja waseme ‘there at the market’, mama aseme ‘over there’, bila hata kulitaja soko mara nyingi, maana naye hapendi kulitaja. Na mjukuu anapomwuliza alikuwa wapi, jibu lake kwa Kiingereza liwe maneno mawili, ‘in there’, nukta. Nimejaribu kuongeza ‘the market’ baada yake kwa sababu mwalimu wa tafsiri angependa sentensi kamili. Inaharibika.